Fundi Monari na Ile Nusu Isiyo na Kazi

Ukitoka soko la Rongo kuelekea barabara ya Migori, miaka ile ya tisini, ungekuta kibanda cha mabati cha rangi ya buluu, na mbele yake redio zimepangwa kwenye benchi kama wagonjwa wanaomngoja daktari. Hapo ndipo alipokaa Monari. Wengine walimwita Fundi, wengine Mkisii wa Redio, na wachuuzi wa samaki walimwita tu omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, kwa maana alikuwa amekaa nao siku nyingi hata wakasahau kwamba kwao si pale.

Alikuwa mtu wa milima ya Kisii, akajifunza kazi kwa Mhindi mmoja Kisumu, kisha akateremka Rongo na sanduku la mbao na mke kijana aliyeitwa Nyasuguta. Walikuwa Wasabato wa kweli, si wa kubahatisha. Jua likitua Ijumaa, chuma cha kulehemu kilichomolewa, bisibisi zikalazwa, na hata ungemletea redio ya chifu mwenyewe ungeambiwa uje kesho jioni jua likishatua. Watu walinung'unika, halafu wakazoea.

Jambo jingine lililomtambulisha ni namna yake ya kujaribu kazi. Akishatengeneza amplifaya, iwe ya kanisa au ya matanga, alishika maiki, akakohoa kidogo, kisha akasema, "Hallo, hallo. Moja, mbili, tatu." Basi. Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Watoto wa shule walimuiga wakipita, naye aliwarushia ganda la ndizi huku akicheka. Mikononi mwake vilipita vinywa vyote vya mji ule, vya wahubiri na vya wapiga kampeni, navyo vilitoka vikisema kwa nguvu. Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na sauti.

Ilianza Nyasuguta alipougua kifua kikuu. Alilazwa, akadungwa sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, na kifua kikapona. Dawa ile ilikuwa kali. Ilimrudishia pumzi, ikaondoka na masikio. Alipotoka hospitali alisikia tu vishindo vizito, na maneno kama ungemwinamia karibu na shavu na kupaza sauti.

Mwanzoni Monari alipaza. Nani asingepaza kwa mke wake? Walikaa kwenye nyumba za ploti, zile za mstari mmoja ambazo ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Jirani alikuwa Benta, mama mwema, muuza omena, mwenye masikio makali kuliko sungura. Sasa Benta akawa anasikia kila jioni, "UMEKULA?" Halafu, "NIMESEMA, UMEKULA?" Halafu, "CHUMVI IKO WAPI?" Kwa wiki nzima alistahimili, kisha moyo wa huruma ukamshinda. Akaenda kumwambia mzee wa kanisa kwamba yule fundi mpole amegeuka, anamfokea mgonjwa kwa ajili ya chumvi.

Mzee Onsongo akafika na wenzake wawili, Biblia kwapani, nyuso zimekunjamana. Waliketi. Walisoma mahali panapowaagiza waume wawapende wake zao. Monari alijieleza, akajieleza tena, nao wakamtazama kwa ule utaratibu wa watu wasioamini. Nyasuguta alikuwa kando akiwatazama mmoja mmoja, haelewi wamekuja kwa nini, na mwishowe akawaletea chai ya maziwa akidhani ni wageni wa heri. Loo! Hakuna aliyejua pa kuweka macho.

Baadaye Benta aliomba radhi, wakacheka. Lakini Monari hakucheka kwa ndani. Alikuwa mtu wa haya, na haya ikishaingia kwa mtu wa namna ile haitoki upesi. Alipunguza sauti. Sauti iliyopunguzwa haikusikika, kwa hiyo akaanza ishara. Kidole juu, chakula tayari. Kiganja shavuni, naenda kulala. Kugonga meza, chai. Ishara zikatosha. Na kwa kuwa zilitosha, hakutafuta nyingine.

Nyasuguta naye aliyekuwa msemaji, mwanamke aliyeweza kukuuzia parachichi bichi ukaondoka ukishukuru, aliacha kusema kwa vile hakujisikia mwenyewe. Binti yao wa pekee, Bochaberi, alikuwa ameolewa huko upande wa Ogwedhi, akija mwezi wa Desemba tu. Basi walibaki wawili katika chumba kimoja, kila mtu akila peke yake. Monari alikuwa mpweke, nisizunguke. Alichelewa kufunga kibanda kwa sababu kule angalau redio zilimsemesha.

Siku moja Nyasuguta alimletea chakula cha mchana kibandani. Kwaya ilikuwa ikiimba kwenye kaseti, wimbo ambao yeye mwenyewe aliwahi kuuimba sauti ya kwanza. Monari alikuwa ameinamia kazi. Alipoinua macho alimwona mkewe amesimama mbele ya spika kubwa, amekiweka kiganja chake wazi juu ya ile karatasi nyeusi ya spika, macho amefumba, vidole vikitetemeka kwa kufuata besi. Alikuwa akisikiliza kwa mkono. Hakumgusa, hakumwita. Alingoja wimbo uishe, akapokea chakula, akanyoosha kidole juu, ishara yao ya chakula, kumshukuru.

Jioni ile ile alianza kutengeneza chombo.

Kwenye mzoga wa redio ya kaseti alinyofoa ai-si, kijisaketi cheusi chenye miguu minane. Ndani ya ai-si ile mna vikuza sauti viwili, pacha wa tumbo moja, wanaokula umeme wa bakuli moja. Kila pacha ana masikio mawili, moja la kujumlisha na moja la kutoa, na mdomo mmoja. Ukimnong'oneza, anapayuka. Hivyo ndivyo alivyo, na kazi ya fundi ni kumfundisha apayuke kwa kiasi. Monari alihitaji pacha mmoja tu. Maiki ndogo mbele, iyafoni nyuma, betri ya mraba ya volti tisa, vyote ndani ya kijisanduku cha sabuni ambacho Nyasuguta angekining'iniza kifuani.

Jaribio la kwanza lilitoa sauti iliyokatika, nusu ya neno ipo na nusu haipo. Alikuna kichwa. Amplifaya za kanisa alizozoea zina umeme wa pande mbili, wa juu na wa chini, na sifuri katikati. Betri moja haina chini. Alikuwa amemsimamisha pacha sakafuni, halafu akamtaka aruke juu na kushuka chini. Ashukie wapi sasa? Akachukua rezista mbili zinazolingana, vile vizuizi vidogo vya umeme, akaigawa ile tisa katikati, akamsimamisha hapo kwenye nne na nusu. Neno likatoka zima.

Kisha tamaa ikamwingia. Alitaka mkewe asikie hata sisimizi. Akaongeza nguvu, na chombo kikapiga mluzi hadi mbwa wa soko wakaitikia, maana iyafoni ilikuwa ikimpigia maiki kelele na maiki ikiirudishia. Akapunguza. Ikabidi sehemu ya kile kinachotoka mdomoni irudishwe kwenye lile sikio la kutoa, ndipo pacha apunguze kiherehere. Akahamisha maiki mbali na iyafoni. Mambo hayo yalimla mwezi mzima, naye aliyafurahia, tusimsingizie. Alipiga mluzi akifanya kazi. Kwa mwezi mzima alitengeneza chombo cha kuongea na mkewe, na kwa mwezi huo wote hakuongea naye.

Alipomvisha mara ya kwanza, uso wa Nyasuguta ulifunguka. Alisikia kijiko kwenye sufuria. Alisikia jogoo wa Benta. Lakini nyuma ya kila kitu kulikuwa na mvumo, shhhh usiokoma, na kila alipokigusa kile kisanduku kulitoka mkwaruzo kama mafuta yanayomwagiwa maji. Akivaa kanga, kwaruu. Akigeuka kitandani, kwaruu. Alikivumilia siku chache, macho yakawa mekundu kwa maumivu ya kichwa. Jumatano asubuhi akakivua, akakiweka mezani mbele ya mumewe, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasema maneno mengi kwa pamoja, kwa ile sauti yake iliyokuwa imepotea vipimo.

"Baba Bochaberi, hiki kitu kinanipasua kichwa. Kitengeneze mara moja tu. Nikikivaa tena na bado kiko hivi, usiniletee tena vyuma vyako. Utaniacha na kimya changu, nami nitajua ndiyo basi."

Monari akatikisa kichwa kukubali. Alielewa alichoambiwa. Hapakuwa na mara ya tatu.

Alibadilisha maiki. Alibadilisha iyafoni. Akabadilisha rezista zote, na hata betri. Mkwaruzo ukabaki pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Alhamisi usiku usingizi ulimpaa, na Ijumaa alfajiri akapanda gari la Homa Bay kumtafuta Mniko.

Mniko alikuwa Mkuria, mtu mnene mwenye kicheko cha kwenye kifua, aliyefanya kazi na Monari kwa yule Mhindi wa Kisumu. Sasa alitunza mitambo ya barafu kwenye banda la samaki karibu na ziwa. Alipokea kisanduku, akakifungua juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawasha tochi. Alitazama kitambo.

"Kazi safi," akasema. "Lakini huyu pacha wa pili, umemfunga wapi?"

"Sikumfunga. Sina kazi naye."

Mniko alicheka hadi wapakia samaki wakageuka. "Ebo, Monari! Humpi kazi, humpi pa kukaa, halafu unashangaa akivuruga nyumba? Debe tupu haliachi kuvuma! Tazama masikio yake yanavyoning'inia hewani. Anasikia kila kitu. Anausikia mkono wa mama, anazisikia nyaya za stima ukutani, anaisikia kanga. Anapayuka ovyo huko kwake, na kwa kuwa wanakula bakuli moja na mwenziwe, kelele zinaingia kwa mwenziwe."

"Nifanyeje?"

"Mdomo wake mrudishie kwenye sikio lake mwenyewe, lile la kutoa. Hilo jingine liegemeze pale katikati ya umeme. Atatulia tuli. Atakuwa anajisikiliza mwenyewe, hana habari na mtu. Halafu hii kapasita ya kutuliza umeme, mbona umeiweka Kisumu na ai-si iko Migori? Ilete hapa kwenye miguu. Maji ya mgonjwa huwekwa karibu na kitanda."

Monari aliona haya, akacheka pia. Makosa yale yalikuwa ya mafundi wote wa barabarani, waliojifunza kwa kunyofoa na kupachika. Kwao kisichotumika huachwa tu. Nani ana muda wa kukifunga kitu kisicho na kazi?

Mniko akamfungia kisanduku, kisha akauliza, "Na shemeji anasemaje siku hizi?"

"Hasemi."

"Na wewe unamwambia nini?"

Monari alijifanya anatafuta bisibisi yake. Alimshukuru, akapewa samaki wa kupeleka nyumbani, akaondoka. Lakini njia nzima, kupita Rodi hadi Rongo, maneno yalimkwama kama mwiba wa samaki wa ngege kooni. Atakuwa anajisikiliza mwenyewe, hana habari na mtu. Hakujua kwa nini yanamuudhi.

Alifika kibandani alasiri, jua limeanza kuinama. Alifanya kazi haraka lakini kwa uangalifu. Kipande cha waya kutoka mdomo wa pacha wa pili hadi sikio lake. Kipande kingine hadi katikati ya umeme. Kapasita akaileta karibu. Akaweka iyafoni sikioni mwake na kuwasha. Kimya. Akadhani ameunguza kitu. Akasugua kisanduku kwa shati, kimya. Akasema, "Hallo, hallo. Moja, mbili, tatu," na sauti yake ikaingia safi kama maji ya chemchemi. Hakuna shhhh, hakuna kwaruu. Almanusura aruke. Alichomoa chuma cha kulehemu jua likiwa linagusa mapaa, akafunga kibanda, akaenda nyumbani karibu akikimbia.

Nyasuguta alikuwa ameshafagia, ameshaoga, kitambaa cheupe kimetandikwa mezani kwa ajili ya Sabato. Zamani walikuwa wakiikaribisha kwa wimbo, yeye akianza na mumewe akiburura besi nyuma. Siku hizi kila mmoja alifungua Biblia yake, akasoma kimoyomoyo, akafunga. Monari alimvisha kisanduku shingoni kwa mikono miwili. Akamwekea iyafoni sikioni, akawasha, akaketi upande wa pili wa meza, akamtazama.

Nje jua likatua. Benta alikuwa ameenda kulala matangani, na upande wake hapakusikika hata mwiko. Redio ya nyumba ilikuwa imezimwa, kama kila Ijumaa. Nyasuguta aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akasikiliza tena. Monari alingoja ule uso ufunguke kama mara ya kwanza. Haukufunguka. Polepole ukajikunja, na machozi yakamlenga.

"Kimekufa," akasema Nyasuguta. "Mara ya kwanza kilinipigia kelele, lakini angalau kilikuwa hai."

Mkono wa Monari ulikwenda mfukoni kwenye bisibisi. Kufungua, kuona kasoro, kurekebisha; hiyo ndiyo njia aliyoijua. Akatazama dirishani. Giza lilikuwa limeshaingia, Sabato ilikuwa imeanza, na bisibisi ile haikuwa na ruhusa ya kutoka hadi kesho jioni. Alibaki na mkono mfukoni. Mkewe alikuwa ameshainua vidole kuitoa iyafoni, na Monari alijua akiitoa sasa hatairudisha.

Kwa hofu akagonga meza.

Nyasuguta aliruka. "Nimesikia!" Akagusa kisanduku, akaigonga meza yeye mwenyewe, akagonga tena. Akakohoa, akajisikia akikohoa, akashika mdomo. "Kumbe ni kizima?"

Monari akatikisa kichwa kwa furaha, ndiyo, ndiyo, ni kizima.

"Kimekuwa kizima tangu uniwashie?"

Ndiyo.

Nyasuguta akatazama chumba, kitanda, meza yenye kitambaa cheupe, Biblia mbili zilizofungwa, kisha akamtazama mumewe. Mikono yake ilishuka taratibu mapajani.

"Na wewe umekuwa umekaa hapo muda wote huu?"

Monari akatikisa kichwa.

"Usitikise kichwa," akasema Nyasuguta. "Nimekivaa."

Ndipo Monari alipofungua mdomo. Hakuwa amefikiria neno hata moja. Alikuwa amefikiria rezista na nyaya, akavuka milima hadi ziwani kwa ajili ya waya mbili, na katika yote hayo hakujiuliza siku ile ikifika atasema nini. Akakohoa kidogo.

"Hallo, hallo," akasema. "Moja, mbili, tatu."

"Hizo ni za redio, Baba Bochaberi. Mimi ni mke wako."

Aliona aibu kuliko ile siku ya wazee. Akatazama meza. Kulikuwa na maneno ya miaka yote ile, ya kumpa pole kwa masikio, ya spika ile na kiganja chake, ya jinsi alivyokuwa akichelewa kibandani kwa makusudi. Yote yalisukumana mlangoni na hakuna lililoweza kupita. Lililopita mwishowe lilikuwa dogo.

"Nilizoea kimya," akasema.

Nyasuguta aliibana iyafoni kwa kidole isidondoke, akihakikisha amesikia sawasawa.

"Mimi sikuzoea," akasema.